Fundi Asiyetaka Zipu

Fundi hashoni suruali yenye zipu. Ukimpelekea kitambaa ukamwambia unataka zipu, atakupima kiuno, atakupima miguu, ataitikia kila unachosema, halafu siku ya kuchukua utakuta vifungo vinne vimeshonwa kwa uzi mara mbili, na yeye anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Vijana wa Jinja wamegombana naye miaka nenda miaka rudi. Wanamwambia hiyo ni suruali ya babu zao. Huwajibu kwamba babu zao hawakuwahi kurudi nyumbani wamejifunika gazeti kwa mbele. Na bado wanarudi kwake. Kuna kijana mmoja wa bodaboda nimemwona kwa macho yangu akija kugombana mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amevaa suruali ileile anayoilalamikia.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa mji huu wanamjua nusunusu. Wako wanaomjua kwa suruali. Wako wanaomjua ziwani. Na wako wengi tu wanaoamini kwamba alikuwa mwanajeshi. Mimi nimemjua kotekote, na katika jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kubishania, mimi nilikosea, yeye akakosea, na aliyepatia ni mtu ambaye hajakanyaga mashua maisha yake yote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Sijazoea kukubali makosa, kwa hiyo nivumilieni nikizunguka kidogo.

Cherehani yake iko kwenye veranda ya duka la vitambaa, na juu ya cherehani pametundikwa kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi ya bluu: FUNDI WA SURUALI NA MATANGA. Kibao hicho ndicho kilichotukutanisha. Nilikuwa nimepeleka mapazia ya jukwaa la shule, nikakisoma, nikacheka peke yangu pale barabarani. Yeye alimaanisha matanga ya mashua. Lakini mtu yeyote aliyezoea Kiswahili akisoma matanga kwenye kibao cha fundi atafikiria msiba kwanza.

Nilimweleza, kwa ile sauti yetu ya walimu ambayo watu hawaipendi. Hakukasirika. Alinisimulia kwamba dereva mmoja wa lori, Mkenya, alishasimama hapo akiwa na macho mekundu. Baba mkwe wake alikuwa amefariki Buwenge, naye alikuwa akielekea huko kwenye maziko. Alisoma kibao, akaomba vitambaa vya kufunga mkononi kwa watu ishirini. Fundi angeweza kumweleza kwamba amekosea. Badala yake alichukua mabaki ya kitambaa cha tanga, kile cheupe kigumu kisichochanika, akakata vipande ishirini, akavipinda kingo vizuri, akampa, akamwambia pole. Nikamuuliza kwa nini hakubadilisha kibao baada ya hapo. Akasema, je, kama atakuja mwingine?

Halafu akaniambia kwamba kama najua sana matanga yanavyoitwa, nije Jumamosi nione yanavyofanya kazi. Nikaenda. Nimekuwa nikienda tangu siku hiyo.

Hiyo habari ya uanajeshi inatokana na lugha. Hapa kwetu Uganda mtu akizungumza Kiswahili bila kutafuta maneno, watu wanaamua haraka: ni askari, au ni Mkenya, au ni Mwislamu. Fundi ni Mwislamu, na Kiswahili chake amekiokota katika maduka ya Mbale, huko ambako na mimi nimetoka. Lakini ana mabega mapana na husimama wima, kwa hiyo wameamua ni askari. Wanajeshi vijana wa kambi ya Kimaka wakipita verandani wanakakamaa na kumwita afande. Yeye huinua mkasi kidogo na kusema, "Endelea." Siku moja nilimwambia huo ni udanganyifu. Alisema hajamdanganya mtu, amewaambia waendelee, na wao wameendelea.

Msidhani ni mtu wa mzaha tu. Siku nyingine alikuja bibi mmoja kutoka Mafubira na gomesi, lile vazi refu la kina mama wa huku, la kurekebishwa. Fundi akamkaribisha kwa Kiswahili, kwa mazoea tu. Yule bibi akarudi nyuma hatua mbili, akaishikilia nguzo ya veranda. Watu wa umri wake waliisikia lugha hii kwanza milangoni mwao, kutoka kwa watu wenye bunduki, na wengine hawajasahau. Fundi akaona. Alihamia Lusoga, lugha ya wenyeji, papo hapo, akaweka mkasi chini, akamletea kiti, akamuuliza habari za migomba yake mpaka akaiachia nguzo na kuketi. Tangu siku hiyo hamwanzi mtu mzima kwa Kiswahili. Anangoja achague mwenyewe. Mimi ninayefundisha lugha hii kila siku sikuwahi kufikiria hilo, na niliona aibu.

Kiswahili chake chenyewe, loo! Kila kitu kwake ni "hii" na "ile". Hii tanga, hii mashua, hii mtoto, hii ziwa. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha katikati ya maji. Alinivumilia Jumamosi mbili. Ya tatu, nilipomwambia ni "tanga langu" na si "tanga yangu", aliniachia usukani akasema basi tuone kama langu litaenda. Mashua ikasimama. Upepo ukakatika, nafikiri kwa kumsaidia yeye. Nikaacha kusahihisha.

Mashua hiyo alipewa na mama mwenye duka la vitambaa, mjane wa Kihindi ambaye familia yake imefanya biashara Jinja tangu kabla sijazaliwa. Mumewe alikuwa akiipenda. Alipofariki, mashua ilibaki uani, na mama wa dukani alikuwa akiiona kila anapofungua dirisha la jikoni. Siku moja alimwambia Fundi aitoe mbele ya macho yake, aipeleke majini au aichome. Fundi aliifanyia kazi mwaka mzima. Ni mashua ndogo ya mlingoti mmoja, yenye tanga kuu na matanga mawili ya mbele, kubwa la upepo mwanana na dogo la upepo mkali. Hajaipa jina mpaka leo. Anasema ukishaipa jina utaanza kuisamehe.

Na hajui kuogelea. Ndiyo, mmesikia sawa. Ana jaketi la kuokolea alilolishona mwenyewe, ambalo alilijaribu kwa kulifunga kwenye gunia la mchanga na kulitupa ziwani. Gunia lilielea, akaridhika. Nilijitolea kumfundisha kuogelea, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kumwona rubani akijifunza kuruka kwa mikono. Yeye huyu ndiye anayeweza kupiga mateke cherehani kwa sababu uzi umekatika, akaitukana mpaka mama wa dukani akafunga dirisha. Lakini majini sijawahi kumsikia akiinua sauti. Akiwa nchi kavu huwa na haraka na kisirani. Akiwa majini huwa mtu mwingine, mpole, mwenye nafasi. Mara moja tulikaa bila upepo kuanzia adhuhuri hadi alasiri, akaswali palepale kwenye mashua, akamenya chungwa, akanipa nusu, akasema kwa utulivu kabisa kwamba wiki nzima huwa anaingojea saa hiyo. Nikikumbuka alivyosema hivyo, nakumbuka kwa nini yale yaliyofuata yaliniuma.

Yaliyofuata yalianzia vidoleni.

Inabidi nieleze, nitajitahidi kuwa mfupi. Kutoka kichwani mwa mlingoti hadi kwenye pua ya mashua kuna waya, na tanga la mbele hupanda likifuata waya huo. Swali ni kwamba unalishikiza vipi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni vikulabu vidogo vya shaba vilivyoshonwa kwenye pindo la tanga, kila kimoja na kipini chake cha kuvuta kwa ncha ya kidole. Unafungua, unakiweka kwenye waya, unaachia, kinashika. Sisi tuliviita vifungo. Ya pili ni kuuvisha waya bomba jembamba lenye mfereji, na pindo la tanga linaingia kwenye mfereji na kuteleza juu lote kwa pamoja. Hiyo tuliiita zipu, na mnaweza kukisia Fundi aliionaje.

Matanga yake mawili ya mbele yalikuwa na vifungo tisa vya shaba kila moja. Kwa miaka mingi alivifungua na kuvifunga kama anavyotia uzi kwenye sindano. Kisha ukaja ugonjwa wa viungo. Kwenye cherehani haukumsumbua sana, kwa sababu cherehani inafanya kazi ya vidole. Lakini vile vipini vidogo, vyenye maji na baridi, vilianza kumshinda. Alificha. Nilimwona akitumia meno mara moja, nikajifanya naangalia upande wa pili.

Siku vilipomshinda kabisa alikuwa peke yake majini. Dhoruba yetu ya mchana huja haraka, unaona weusi upande wa kusini na mara imefika. Alilishusha tanga kubwa ili aweke dogo, akafungua vifungo viwili, cha tatu kikakataa. Alihangaika nacho mpaka upepo ukalipiga lile tanga lililofunguliwa nusu, mashua ikasukumwa ovyo hadi katikati ya nyavu za wavuvi. Hakuumia. Nyavu ziliumia, na wavuvi walikuja kulalamika kwa mwenyekiti wa chama chetu cha mashua.

Mwenyekiti ni mhandisi mstaafu, mtu wa haki lakini mkavu kama biskuti. Alimwita Fundi mbele ya sisi wanachama, akamwambia hivi: ana mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi atatoka peke yake kwenye maji ya wazi, na mbele ya macho ya chama atabadilisha tanga la mbele, kubwa kwa dogo, na kurudi kwa tanga bila kuvutwa. Akishindwa, mashua itapandishwa nchi kavu na haitashuka tena akiwa yeye ndiye nahodha. Alisema anamheshimu na hataki kumzika. Fundi aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akaondoka. Nilimfuata hadi verandani. Alikuwa ameketi bila kukanyaga cherehani, mikono imelala mapajani.

"Mwalimu," akasema, "mimi hii mtu ya nchi kavu simpendi. Ni mkali, ni mchovu. Wakinifungia na yeye moja kwa moja, nitafanya nini?"

Nilirudi nyumbani nikalia, halafu nikakasirika, na nikikasirika huwa nasoma. Nilisoma kila kitu nilichoweza kukipata kuhusu matanga, na nikaamua kwamba jibu ni zipu. Hakuna kipini cha kufungua. Hakuna kazi ya ncha ya kidole. Unaingiza pindo, unavuta kamba, limepanda. Unaachia kamba, limeshuka. Tena wenye mashua za mashindano wanaipenda kwa sababu upepo unapita laini kwenye ukingo wa tanga. Nilimpelekea hoja zangu zimepangwa kama insha ya mtihani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza tanga likishashuka linashikwa na nini. Nikasema linashikwa na wewe. Akainua mikono yake yote miwili, akanionyesha.

Hata hivyo nilimshinda kwa maneno, na hilo ndilo kosa langu. Mwenyekiti mwenyewe ana mashua yenye zipu, na alikubali kutuazima kwa asubuhi moja. Tukatoka mimi na Fundi. Tanga lilipanda vizuri ajabu, na mimi nikajisifu kwa sauti. Kisha tukalishusha. Jamani! Kila lilivyoshuka lilikuwa linatoka kwenye mfereji, na kila sehemu iliyotoka ilikuwa huru. Upepo ulilichukua lote mara moja na kulimwaga ziwani upande wa kushoto. Fundi alikuwa amelikumbatia. Hakuliachia, kwa sababu lilikuwa tanga la kuazima na yeye ni fundi wa matanga, haachii kitambaa cha watu. Nilimwona akivutwa juu ya ukingo hadi kiunoni, mtu asiyejua kuogelea, amelikumbatia tanga. Nilimrukia miguu. Tulibaki hivyo, mimi nimelalia miguu yake, yeye nusu mwili nje, mpaka tukalirudisha kidogo kidogo.

Hakunilaumu. Alikaa akatema maji, akasema zipu ikiachia huachia yote. Basi. Ningefurahi angenitukana.

Wiki mbili zilikuwa zimekwisha. Vifungo, vidole vyake haviviwezi, zipu nusura imzamishe. Wenzetu walimshauri achukue mtu wa kumsaidia, nami nilijitolea, lakini sharti lilisema peke yake, na zaidi ya sharti, kuwa peke yake ndiko alikokuwa anakupigania. Yeye kwa upande wake alishikilia shaba. Alisema atavilainisha kwa mafuta, atavipasha moto, atajizoeza. Kila jioni alikuwa akivifungua na kuvifunga verandani hadi vidole vinavimba. Kukaidi kwake huko ndiko kosa lake, nami nilimwambia, na tukanuniana siku tatu nzima.

Siku ya nne nilikuwa nakwenda Mbale kumwona mama yangu, nikamwomba anisindikize, nia yangu ikiwa ni kumwondoa kwenye vile vifungo. Alikubali kwa shingo upande. Mama alitupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, na Fundi, ambaye alikuwa hajala vizuri kwa wiki nzima, alikula sahani mbili na kuomba ya tatu kwa macho. Mama naye ana ugonjwa huohuo wa viungo, tena mbaya zaidi. Wakaanza kulinganisha mikono pale kwenye mkeka, wakioneshana vidole vilivyopinda, wakacheka wao kwa wao. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jioni mama akaenda kufungia kuku. Fundi akamfuata kumsaidia kuwafukuza. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia Fundi akisema, "Mama Mwalimu, rudia."

Nikatoka na mikono yenye sabuni. Mlango wa banda la kuku hauna komeo, maana vidole vya mama haviwezi komeo. Una kitanzi cha kamba upande mmoja, na upande wa pili kijiti kifupi cha mti wa kahawa kilichofungwa kamba katikati. Kijiti kinapita kwenye kitanzi, kinajilaza, mlango umefungwa. Mama alikifungua kwa kukipiga na kiganja. Akakifunga kwa kukisukuma na kiganja. Fundi alimwomba arudie mara nne. Kuku walitoka tena wote.

"Wewe unasumbuka na kidole ya nini?" mama akamwambia. "Kidole imezeeka. Tumia kiganja."

Fundi alikaa chini palepale kwenye mlango wa banda. Alifunika uso. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoondoa mikono alikuwa pia anacheka. Miaka yote hiyo ya kushona vifungo, akasema, na hakuwahi kufikiria kwamba kifungo si lazima kiwe chuma. Mimi nilikuwa nimesimama nimeloa sabuni, na yale yote niliyosoma hayakuwa na neno moja la banda la kuku.

Asubuhi aliomba ruhusa ya kukata matawi ya miti ya kahawa ambayo mama alikuwa amepanga kuyapogoa. Alirudi Jinja na mfuko mzima. Kila kijiti alikichonga kikatoshea chini ya kiganja chake, akakilainisha kwa kipande cha chupa. Alisuka vitanzi vya kamba nyembamba ngumu, akavivisha ngozi ya viatu mahali vitakaposuguana na waya, akavipaka nta. Aliving'oa vifungo vya shaba vyote, tisa vya tanga kubwa na tisa vya tanga dogo, akashona vya kamba mahali pake. Tulivijaribu uani kwenye waya wa kuanikia nguo wa mama wa dukani, ambaye alikuja kutazama, akajaribu kimoja kwa kiganja chake, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani kwamba mzee wake angependa hii. Kasoro ilikuwepo. Vikilowa, vilipanda kwa kusitasita kuliko shaba. Fundi alisema kusitasita anakuweza.

Siku ya mtihani upepo haukutuonea huruma. Asubuhi ulikuwa mwororo, na mwenyekiti aliamua tungoje mchana, kwa sababu yeye ni mtu wa haki na haki yake ni ngumu. Tulipotoka mawimbi yalikuwa yameshaanza kutoa povu. Mimi na mwenyekiti tulikuwa kwenye boti ya injini, nyuma yake. Fundi alikuwa mbele, peke yake, na tanga kubwa limejaa hadi mashua imelala ubavu. Nilikuwa nimeshika jaketi langu kwa mikono miwili. Kusini palikuwa peusi.

Mwenyekiti akapuliza filimbi.

Fundi alifunga usukani kwa kamba, akaachia kamba ya tanga, akatambaa hadi kwenye pua. Tanga kubwa likaanza kushuka. Upepo ulilikamata, kama ulivyolikamata lile la kuazima, ukalivuta kuelekea majini, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, tanga lilikuwa limelala kwenye pua ya mashua limeshikwa na vitanzi vyote tisa, linapigapiga lakini haliendi popote. Halikumhitaji kulishika. Mikono yake ilikuwa huru. Akapiga magoti, akaanza. Kiganja, kitanzi kimeachia. Kiganja, kingine. Mashua ilikuwa ikiruka na kushuka, maji yakimpiga usoni, na yeye hakuwa na haraka hata kidogo. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, na nilipofika tisa niligundua mwenyekiti anahesabu pamoja nami. Akaliingiza tanga kubwa kwenye mfuko, akatoa dogo, akaanza upya kutoka chini: sukuma, laza. Sukuma, laza. Kisha akasimama, akavuta kamba kwa uzito wa mwili wake wote. Tanga dogo likapanda kwa kusitasita, likasita, likapanda, likafika juu, likajaa upepo kwa mlio mmoja ambao tuliusikia hadi kwetu.

Mwalimu mzima mimi nilipiga vigelegele. Nilipiga mpaka sauti ikakwama. Mwenyekiti alivua kofia, upepo ukaichukua, hakujali. Fundi alirudi kwenye usukani, akaigeuza mashua na kuielekeza nyumbani, akatupita karibu kabisa bila kututazama. Uso ulikuwa umelowa na ulikuwa wa furaha tupu. Sisi na injini yetu tulimfuata. Ufukweni walikuwa wamejaa watu, na yule kijana wa bodaboda alikuwa wa kwanza kuingia majini hadi kiunoni kuipokea mashua.

Hiyo ilikuwa miaka kadhaa iliyopita. Siku hizi vidole vyake havishiki tena hata chaki, anapima kwa macho na mimi namwandikia. Lakini ziwani anatoka. Mwaka jana tanga la mwenyekiti liliteleza kwenye mfereji likaenda na maji, na juma lililofuata alikuja verandani mwenyewe, amebeba tanga jipya begani, akalitua kando ya cherehani. Fundi alilikunjua, akanyoosha pindo lake, akamuuliza anataka vijiti vya saizi gani. Baadaye chama kilikaa kikao. Iliamuliwa kwamba kila nahodha, si wazee tu, atatoka peke yake mara moja kwa mwaka kubadilisha tanga la mbele, na msimamizi wa mtihani atakuwa Fundi.

Jumamosi mbili zilizopita ilikuwa zamu yangu. Nilitumia mashua yake kwa sababu sina yangu. Yeye alikaa kwenye boti ya injini na filimbi shingoni, amevaa lile jaketi lake, mkali kuliko mwenyekiti. Nilibadilisha. Nilichelewa, nilijigonga goti, kitanzi kimoja nilikisahau nikarudi, lakini nilibadilisha na nikarudi kwa tanga. Nilipofika gatini nilisimama kama mwanafunzi, nikingoja aseme neno. Alishuka kwenye boti polepole, akanikagua mimi, akakagua vitanzi kimoja kimoja hadi cha tisa.

"Umefaulu, Mwalimu," akasema. "Sasa shuka kwenye mashua yangu. Upepo inapotea bure."

Nikashuka. Akapanda, akaisukuma gati kwa kiganja, akatoka.